Bagamoyo, Mlango wa Njia Iliyopita Kwetu

Mtu wa Ugogo akisikia habari za Bagamoyo hudhani ya kuwa ni habari za watu wa pwani, wala hazimhusu. Sivyo hivyo. Bagamoyo ulikuwa mlango, na nyumba yenyewe ilikuwa bara. Katika habari hizi twataka kuwaeleza wasomaji wetu mambo ya kutazamwa katika mji ule, na sababu inayotupasa sisi watu wa nchi kavu kuyatazama kama mambo yetu wenyewe.

Safari ya siku hizi ni nyepesi. Treni ya umeme, iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024, hutufikisha Dar es Salaam kwa saa chache, na kutoka huko basi hufuata barabara ya lami kwenda kaskazini kadiri ya kilometa 70. Zamani haikuwa hivyo. Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, karibu na Tabora, ulikwenda kwa miguu miezi mitatu hivi. Mpagazi alichukua begani mzigo wa frasila 2 au karibu yake: kwenda bara, nguo za merikani na kaniki, shanga na masango, kurudi pwani, pembe za ndovu. Wengi wa wapagazi walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, watu huru waliotumika kwa ujira. Lakini katika njia ile ile walipita na watumwa, ambao hawakuwa na ujira wala marejeo.

Katikati ya njia hiyo ndipo kwetu. Msafara ukiisha kupita Mpwapwa na Chunyu, ulikabili nyika ya Marenga Mkali isiyo na maji, kisha ukaingia Ugogo, watu wakiwa na kiu na njaa. Hapo watemi walitoza hongo, na wenyeji waliuza maji na mtama. Wazungu waliopita, kama Burton mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871, waliandika kwa uchungu habari za hongo hiyo, na vitabu vyao ndivyo vilivyosomwa duniani. Walakini tufikiri: nchi ni ya mvua chache, kisima kimechimbwa kwa jasho, mtama umelimwa kwa taabu, na mara waja watu mamia kwa siku moja, wote wataka kunywa na kula. Je, mwenye kisima asidai kitu? Neno hili la wenyeji halikuandikwa na wapita njia.

Basi tukifika Bagamoyo, tuanzie ufukoni. Mchanga ni mweupe, na maji yakipwa, bahari huenda mbali, mashua zikabaki zimelala juu ya nchi kavu. Ndivyo ilivyokuwa zamani pia: jahazi ziliegeshwa, na mizigo ikachukuliwa mabegani mpaka pwani. Ng'ambo ya pili iko Unguja, na ukaribu huo ndio ulioukuza mji, kwa maana biashara ya Sultani wa Unguja ilivuka hapo. Mjini ziko nyumba za mawe zenye milango ya nakshi, na Ngome Kongwe. Kadiri ya kilometa 5 kusini ni Kaole, penye magofu ya misikiti na makaburi yenye nguzo, yatujulishayo ya kuwa watu walikaa pwani hiyo karne nyingi kabla ya misafara.

Jina la mji hutokana na maneno "bwaga moyo". Wengine husema ni kilio cha mtumwa aliyeacha moyo wake bara asipate kurudi tena. Wengine husema ni furaha ya mpagazi aliyetua mzigo baada ya miezi ya taabu. Sisi twaona ya kuwa maana ya pili yaelekea zaidi, kwa sababu wapagazi walioingia mji ule walikuwa maelfu kwa maelfu, na watumwa wengi waliopelekwa Unguja walitokea Kilwa. Lakini hatuwezi kuikataa ile ya kwanza, kwani machozi hayo nayo yalimwagika kweli.

Pembeni mwa mji ni misheni ya Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliofika kutoka Unguja mwaka 1868, wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa katika utumwa. Hapo pana mbuyu mkubwa uliopandwa mwaka huo wa 1868, na katika shina lake umezama mnyororo. Mgeni akiuona hushtuka, akidhani ulifunga watumwa. Lakini watu wa misheni hueleza kwamba ulifunga punda. Twalitaja jambo hili dogo ili tujifunze kuuliza kabla ya kusadiki.

Hapo pia umesimama mnara wa kanisa la kale, uliopokea maiti ya David Livingstone tarehe 24 Februari 1874. Alikuwa amefariki katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Zambia ya leo, mwezi Mei 1873. Watumishi wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili, wakauchukua zaidi ya kilometa 1,500 mpaka baharini. Walipofika Kasekera, mbele ya Unyanyembe, wenyeji walikataa maiti isipite katika nchi yao. Ndipo walipofanya shauri la akili: wakatengeneza maiti ya uongo kwa mabua, wakairudisha nyuma machoni pa watu, na mwili wenyewe wakaufunga kama mtumba wa nguo. Maiti ilipozikwa London mwezi Aprili 1874, katika wale waliofunga safari ile alikuwako mmoja tu, Jacob Wainwright. Susi na Chuma walifika Uingereza baadaye, mazishi yamekwisha.

Mwaka 1888 Abushiri bin Salim aliwaongoza watu wa pwani kupigana na Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi. Vita vile navyo vilifuata njia yetu, maana mwaka 1889 watu wake walikishambulia kituo cha Wajerumani cha Mpwapwa. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka huo. Lakini bahari ya Bagamoyo ni fupi, haiwezi kupokea meli kubwa. Basi mwaka 1891 serikali ikahamia Dar es Salaam, penye bandari ya kina. Huko ndiko reli ilikoanzia mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Tuangalie vema: reli iliyoukuza mji wa Dodoma ndiyo iliyomaliza kazi ya mpagazi, na mlango wa Bagamoyo ukabaki bila wapitao.

Mwaka 2006 serikali ya Tanzania iliitaja njia hii katika orodha ya mahali panapoombewa urithi wa dunia kwa Unesco. Vituo vilivyotajwa ni Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Tazameni: Mpwapwa na Kilimatinde ni kwetu. Bagamoyo wana mnara, ngome na nyumba ya makumbusho. Sisi tuna visima, mahali pa kambi, na maneno ya wazee waliosikia kwa babu zao. Mawe hukaa, bali maneno hufa pamoja na msemaji. Kwa hiyo aliye na mzee nyumbani na amwulize: misafara ilipita wapi, ilikunywa kisima gani, mtemi alikuwa nani, naye aandike katika daftari. Waliopita wamekwisha kuandika ya kwao. Waliopitiwa bado.