Wana wa Ngurumo wa Lawrence

Mwaka 1924 George Brough, mtengenezaji wa pikipiki wa Nottingham, Uingereza, alitoa chombo alichokiita SS100. Namba hiyo haikuwa pambo: mnunuzi alihakikishiwa kwa maandishi kwamba pikipiki yake inafika maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160. Gari la Ford Model T la siku hizo lilihema likikaribia 70.

Kuizoea ilikuwa kazi. Gia zilibadilishwa kwa mkono, ubavuni mwa tangi, huku mkono mmoja ukibaki kwenye usukani. Hapo usukanini palikuwa na kijiti kingine cha kuwahisha au kuchelewesha cheche za plagi. Injini mpya nayo ilitaka mwendo wa pole kwanza, pistoni zikae sawa ndani ya silinda. Mwenye pupa aliiua mapema.

T. E. Lawrence, yule wa vita vya Uarabuni, alimiliki Brough saba, moja baada ya nyingine, akazipa jina la Biblia, Boanerges, yaani "wana wa ngurumo". Alizijua barabara. Hata hivyo, tarehe 13 Mei 1935, karibu na nyumbani kwake Dorset, aliwakwepa wavulana wawili wa baiskeli akarushwa, kichwa wazi. Alifariki siku 6 baadaye.

Hugh Cairns, mmoja wa madaktari waliomhudumia, alikuja kuchunguza majeraha ya kichwa ya waendesha pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha matokeo yaliyotetea kofia ngumu. Uingereza iliifanya lazima mwaka 1973.