Zege
Zege ni mchanganyiko wa saruji, mchanga, kokoto na maji ambao ukiganda huwa mgumu kama jiwe. Saruji inayotumika zaidi ni ile ya Portland, ambayo Joseph Aspdin wa Uingereza aliipatia hataza mwaka 1824.

Watu wengi husema zege "hukauka", lakini usemi huo unapotosha. Saruji huganda kwa mmenyuko wa kikemia kati yake na maji, hivyo zege jipya humwagiliwa kwa siku 7 au zaidi. Likikauka mapema hupasuka na kubaki dhaifu. Nguvu yake kwa kawaida hupimwa baada ya siku 28. Baadhi ya mafundi huzidisha maji ili kazi iwe rahisi, lakini maji ya ziada yakishatoka huacha vitundu, na nguvu hupungua.

Zege huhimili mgandamizo vizuri, ila mvutano kidogo sana, takriban sehemu moja ya kumi. Ndiyo maana huwekewa nondo za chuma, ambazo hutanuka kwa joto karibu sawa nalo. Mchanga wa baharini usiooshwa haufai, kwa kuwa chumvi yake huleta kutu kwenye nondo. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo hulipasua zege kutoka ndani.