Sarafu za Makaisari wa Muda Mfupi na Hesabu ya Ufunuo 17

Katika kuufafanua Ufunuo 17:10, ambapo watajwa wafalme saba na watano kati yao wamekwisha kuanguka, wengi wetu tumezoea kuanza hesabu kwa Augusto na kufika kwa Nero, aliyekufa mwaka 68 B.K. Hapo ndipo ugumu unapoanza. Baada yake walitawala Galba, Otho na Vitellius, nao wote watatu wakaangushwa kabla mwaka 69 haujaisha. Baadhi ya wafasiri huwaruka na kumfanya Vespasianus kuwa wa sita, kwa hoja kwamba hao walikuwa wanyang'anyi wa kiti tu. Twadhani sarafu zao zaipinga hoja hiyo.

Galba alitawala tangu Juni 68 hadi 15 Januari 69. Hata hivyo sarafu zake za shaba zilitengenezwa Rumi kwa wingi, zenye sura yake, cheo cha Kaisari Augusto, na herufi S C, yaani "kwa azimio la Seneti". Shaba ndiyo iliyonunua mkate sokoni. Kwa hiyo hata asiyejua kusoma aliuona uso wa mtawala wake. Vitellius naye alitoa za namna hiyo.

Otho ni habari nyingine. Alishika madaraka siku ile ile aliyouawa Galba, akajiua tarehe 16 Aprili. Huko Rumi alitoa sarafu za dhahabu na za fedha tu, baadhi zikitangaza amani ya dunia yote huku majeshi ya Vitellius yakishuka kutoka Germania! Kwa nini hakutoa shaba? Wataalamu wanabishana. Sisi twaona sababu nyepesi yatosha: Galba alikuwa amewanyima askari bahshishi waliyoahidiwa, na askari hawaridhishwi kwa shaba.

Lakini shaba ya Otho ipo, nayo yatoka Antiokia, mji ambamo wanafunzi waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza (Mdo. 11:26). Upande mmoja ina sura yake, na upande wa pili S C ndani ya shada la majani, ingawa Seneti ilikuwa mbali ng'ambo ya bahari. Mkristo aliyeipokea mkononi hakuambiwa kwamba huyu ni mnyang'anyi. Aliambiwa ni Kaisari.

Hatusemi kwamba sarafu zaamua ni nani aliye wa sita. Yamkini hesabu ya saba yenyewe ni ya mfano. Ila mwanafunzi atakaye kuwaruka hao watatu na alete sababu nyingine. Ufupi wa utawala hautoshi, kwa kuwa mstari huo huo wamhesabu mfalme atakayekaa muda mchache tu.