Mifuko ya Maji: Historia ya Kufungia Bahari na Ziwa ili Kuchunguza Planktoni

Planktoni ni jumla ya viumbe wanaoelea majini na kuchukuliwa na mkondo: mwani wa chembe moja unaotengeneza chakula kwa mwanga wa jua, bakteria, na wanyama wadogo kama kopepodi, ambao hula mwani huo na wao wakaliwa na samaki. Jina hilo lilitolewa na Mjerumani Victor Hensen mwaka 1887. Ugumu wa kuwachunguza viumbe hawa ni kwamba maji hayatulii. Maji yaliyochotwa leo karibu na boya fulani siyo yatakayochotwa hapo kesho. Mwani ukipungua, huenda umeliwa, umekufa au umezama. Huenda pia mkondo umeleta tu maji mengine. Ili kuondoa utata huo, watafiti waliamua kuyazungushia maji ukuta na kuyafuatilia yale yale siku hadi siku. Tangu mwanzo, ukubwa wa chombo ndio ulioamua ni sehemu gani ya utando wa chakula ingeonekana na ni ipi ingebaki gizani.

Chombo cha kwanza kilikuwa chupa. Mwaka 1927 Wanorwei Gaarder na Gran walieleza njia ya kutumia chupa mbili za maji ya bahari, moja inayopitisha mwanga na nyingine iliyofunikwa, kisha kulinganisha oksijeni iliyomo ili kujua kasi ya usanisinuru. Mwaka 1952 Einer Steemann Nielsen wa Denmark alileta njia nyepesi zaidi, ya kupima kiasi cha kaboni-14 inayofyonzwa na mwani. Njia hizo zilienea duniani kote, lakini chupa ilikuwa na mipaka. Haikuweza kubeba wanyama wakubwa kiasi, na bakteria walistawi haraka kwenye kuta zake, hivyo vipimo viliaminika kwa saa chache tu, pengine siku moja.

Jaribio la Georgii Gause wa Moscow, lililochapishwa mwaka 1934, lilionyesha kasoro hiyo kwa upande wa walaji na waliwao. Katika mirija ya kioo aliweka Paramecium, na kisha Didinium anayemla. Mlaji aliwamaliza waliwao wote, halafu naye akafa njaa. Gause alipoweka mashapo ya kujifichia, Didinium ndiye aliyekwisha, na Paramecium waliosalimika wakaongezeka tena. Kilichoamua matokeo kilikuwa umbo la chombo pamoja na tabia za viumbe wenyewe.

Hatua ya kutoka maabara kwenda baharini ilisukumwa na vita. Mwaka 1942, chakula kilipokuwa haba Uingereza, Fabius Gross na wenzake walianza kutia mbolea ya naitreti na fosfeti katika Loch Craiglin, hori dogo la pwani ya magharibi ya Scotland lililozibwa lisichanganyike na bahari. Walitaka kujua kama mbolea ingeongeza mwani, mwani uongeze wanyama wadogo, na hao wawanenepeshe samaki bapa. Maji yaliitikia mbolea na samaki wakakua upesi. Hata hivyo, hori lilikuwa moja tu, bila jingine la kulinganisha nalo, na mimea ya chini ilijichukulia sehemu ya mbolea iliyokusudiwa planktoni.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 plastiki ilileta suluhisho jingine. Katika Departure Bay, karibu na Nanaimo kwenye pwani ya magharibi ya Kanada, John Strickland, Timothy Parsons na wenzao walitumbukiza tufe la plastiki lenye kipenyo cha takriban mita 6, wakalijaza maji ya bahari na kufuatilia mwani ukikua ndani yake. Kwa mara ya kwanza mlipuko wa mwani wa bahari ungeweza kutazamwa tangu kuanza hadi virutubisho vilipokwisha, katika maji yale yale, huku mwanga na joto vikiwa vya bahari yenyewe.

Maziwani ujenzi ulikuwa mkubwa zaidi. Mwaka 1970 John Lund aliweka mirija ya mpira katika Blelham Tarn, ziwa dogo la Lake District nchini Uingereza. Kila mrija ulikuwa na kipenyo cha mita 45 na ulizungushia takriban mita za ujazo 18,000, ukielea juu kwa maboya huku chini ukishikamana na tope. Hivyo ziwa dogo lilifanywa ndani ya ziwa. Colin Reynolds na wenzake waliitumia mirija hiyo kuonyesha kwamba mfuatano wa aina za mwani kwa msimu hutegemea virutubisho pamoja na jinsi maji yanavyokorogwa: yakikorogwa, diatomu, yaani mwani wenye ganda la silika, hunufaika kwa kuwa haziachwi zizame; yakitulia, huzipisha aina zinazoogelea au kuelea zenyewe.

Kule Ontario, katika Eneo la Maziwa ya Majaribio lililoanzishwa mwaka 1968, David Schindler alitenga nusu nzima ya ziwa. Mwaka 1973 Ziwa 226 liligawanywa kwa pazia la plastiki. Pande zote mbili zilitiwa kaboni na naitrojeni, lakini fosforasi ilitiwa upande mmoja tu. Upande huo uligeuka kijani kwa mlipuko wa bakteria wa kijanibuluu, na ule mwingine ukabaki kama kawaida yake. Picha iliyopigwa kutoka angani ilitosha kueleza jambo hilo hata kwa asiyesoma majedwali, na ilitia nguvu hoja ya kupunguza fosfeti katika sabuni na majitaka.

Katikati ya miaka ya 1970 mifuko ya bahari ilipewa kazi ya kuchunguza uchafuzi. Mradi wa CEPEX, uliofanyika katika hori la Saanich huko British Columbia, uliwakutanisha watafiti wa Marekani, Kanada na Uingereza. Mifuko yake midogo ilibeba takriban mita za ujazo 68, na mikubwa zaidi ya 1,000. Kila mfuko ulishushwa ukiwa umekunjwa, kisha wapiga mbizi wakaupandisha polepole ili unase safu nzima ya maji pamoja na viumbe wake bila kuwavuruga.

Ndani ya mifuko hiyo watafiti walitia kiasi kidogo cha shaba, zebaki au mafuta. Majaribio ya kawaida ya sumu humtazama kiumbe mmoja ndani ya chombo na kuuliza atakufa kwa kiwango gani. Mifuko ya Saanich ilitoa jibu la aina nyingine. Shaba ilipotiwa, wingi wa mwani ulishuka kisha ukapanda tena, na aliyepima wingi peke yake angesema maji yamepona. Lakini aina zilikuwa zimebadilika: diatomu kubwa zilizoungana kama minyororo zilitoweka, na nafasi yao ikachukuliwa na vijiumbe vidogo vyenye mijeledi. Badiliko hilo halikuishia kwa mwani. Diatomu kubwa hulisha kopepodi wakubwa, na hao hulisha samaki. Vijiumbe vidogo hupitisha chakula kwa njia ndefu zaidi, na Parsons alipendekeza kwamba njia hiyo huweza kuishia kwa yavuyavu badala ya samaki. Kwa hiyo uchafu usiomuua samaki moja kwa moja ungeweza kumnyima chakula.

Miaka hiyo hiyo Waskoti walining'iniza mifuko katika Loch Ewe na kuitumia, pamoja na mambo mengine, kufuatilia samaki wachanga. Chuo Kikuu cha Rhode Island kilichukua mkondo tofauti. Maabara yake ya MERL, iliyoanza kazi mwaka 1976 kando ya ghuba ya Narragansett, ilijenga matangi ya mita za ujazo 13 nchi kavu, kila moja likiwa na tope la ghuba na wanyama wake chini. Mifuko ya Saanich iliishia ndani ya maji, mbali na sakafu ya bahari; matangi ya MERL yaliurudisha uhusiano wa maji na sakafu hiyo. Yalionyesha kwamba katika maji yasiyo na kina kirefu, tope hurudisha virutubisho juu, huhifadhi mafuta yaliyomwagika, na wanyama wake huchuja planktoni.

Kufikia hapo vyombo hivi vilihitaji jina la pamoja. Kitabu kilichohaririwa na George Grice na Michael Reeve mwaka 1982 kiliviita mesokosimu, yaani ulimwengu wa kati, na mwaka 1984 Eugene Odum alilieneza jina hilo katika makala yake. Huu ni ulimwengu ulio kati ya chupa ya maabara na bahari au ziwa lenyewe.

Norwei iliifanya njia hiyo kuwa kazi ya kudumu. Tangu mwaka 1978 Chuo Kikuu cha Bergen kimefanya majaribio ya mifuko katika kituo chake cha Espegrend. Mwaka 1992 Jorun Egge na Dag Aksnes walionyesha huko kwamba diatomu hutawala silika inapozidi takriban maikromoli 2 kwa lita. Ikishuka chini ya hapo, aina nyingine huchukua nafasi. Mwanzoni mwa muongo huo huo mifuko ya Bergen ilidhihirisha pia kuwa milipuko ya Emiliania huxleyi, mwani wenye magamba ya chokaa, huweza kukomeshwa na virusi. Utando wa chakula ukawa na mlango ambao zamani haukuhesabiwa: mwani unaweza kufa bila kuliwa.

Swali la karne ya 21 limekuwa kabonidayoksaidi inayoitia bahari asidi. Ulf Riebesell na wenzake wa Kiel, Ujerumani, waliunda mifuko ya KOSMOS inayoelea na kusafirishwa kwa meli. Mwaka 2010 mifuko tisa iliwekwa katika Kongsfjorden, Svalbard, na mwaka 2013 mingine kumi katika Gullmarsfjorden nchini Sweden. Huko Sweden samaki wachanga wa heringi, ndugu wa dagaa wa Ziwa Tanganyika, walisalimika kwa wingi zaidi katika maji yenye kabonidayoksaidi nyingi, kwa sababu chakula chao kiliongezeka. Chombo chenye samaki pekee kisingeweza kutoa jibu hilo.

Njia hii imekosolewa pia. Kuta huota mwani na bakteria, hupunguza mkorogo wa maji, na huzuia samaki wakubwa na wanaohama. Mwaka 1996 Stephen Carpenter alionya kwamba vyombo vidogo vinavyotumika kwa muda mfupi vinaweza kupotosha, na mwaka 1998 Schindler alitetea majaribio ya maziwa mazima, ingawa ni shida kupata ziwa la pili linalofanana na la kwanza. Mfuko mdogo hurudiwa kwa urahisi lakini huacha mengi nje. Ziwa zima lina karibu kila kitu, lakini halirudiwi. Kwa sababu hiyo vyombo vya ukubwa tofauti hutumiwa pamoja: chupa hupima kasi ya tendo moja, mfuko huonyesha jinsi viumbe wanavyoathiriana kwa wiki kadhaa, na ziwa zima huonyesha kama matokeo hayo yanadumu kwa miaka.