Tournoi de France 1997: Kipute kilichotangulia Kombe la Dunia

Tournoi de France kilikuwa kipute cha soka kilichoandaliwa nchini Ufaransa kati ya Juni 3 na Juni 11, 1997, mwaka mmoja kabla ya nchi hiyo kuwa mwenyeji wa fainali za Kombe la Dunia. Wenyeji waliwaalika Brazil, Italia na Uingereza, na kila timu ikamenyana na nyingine mara moja.

Mechi ya ufunguzi mjini Lyon kati ya Ufaransa na Brazil iliishia sare ya 1-1. Ni humo ambamo Roberto Carlos alifyatua frikiki kutoka umbali wa mita 35 hivi. Mpira ukapinda kandokando ya ukuta wa mabeki, ukagonga mlingoti na kutikisa wavu huku kipa Fabien Barthez akiduwaa.

Uingereza ya kocha Glenn Hoddle iliilaza Italia 2-0 na Ufaransa 1-0, ikawa tayari imejihakikishia ubingwa kabla ya kunyukwa 1-0 na Brazil jijini Paris. Ilimaliza kwa alama 6, Brazil 5, nazo Ufaransa na Italia zikaambulia mbili mbili.

Kwa kukosa ushindi hata mmoja nyumbani, kocha wa Ufaransa, Aimé Jacquet, alizidi kukosolewa vikali na magazeti ya nchi yake. Hata hivyo, mchumia juani hulia kivulini. Mnamo Julai 12, 1998, vijana wake waliicharaza Brazil 3-0 mjini Saint-Denis na kutawazwa mabingwa wa dunia.