Django inagoma kupakia modeli? Anza kuangalia hapa

Jana tovuti ilikuwa inafanya kazi freshi. Leo umeongeza faili moja tu, umewasha seva, na skrini imejaa mistari ya makosa. Kwa wanaotumia Django, fremuweki ya Python ya kutengenezea tovuti, hali hii ni ya kawaida.

Hatari iko kwenye kukurupuka. Wapo wanaofuta hifadhidata nzima wakidhani imeharibika, kumbe tatizo haliko huko. Modeli ni maelezo ya data zako yaliyoandikwa kwa Python, na Django huyasoma kabla ya kwenda kuchukua data yenyewe. Ukifuta data za wateja, kosa litabaki palepale na wateja utakuwa umewapoteza.

Django inavyowaka

Tangu toleo la 1.7 la mwaka 2014, Django huwaka kwa hatua tatu. Kwanza inapitia kila apu iliyo kwenye orodha ya INSTALLED_APPS. Pili inapakia modeli za apu hizo. Tatu inaita ready() ya kila apu. Makosa mengi hutokea kwa sababu modeli haimo kwenye orodha, au imeitwa kabla zamu yake haijafika.

Soma mstari wa mwisho kwanza

Ripoti ya kosa ni ndefu, lakini jina la kosa liko chini kabisa. Ukishalipata, linganisha na haya:

1. RuntimeError inayotaja app_label. Apu haimo kwenye INSTALLED_APPS. Fungua settings.py, iongeze. Kama imo, angalia njia uliyotumia kuiita. Ukiorodhesha "duka" halafu kwingine ukaandika "mradi.duka.models", Django inaona vitu viwili tofauti.

2. AppRegistryNotReady. Umewahi mno. Angalia kama __init__.py ya apu inaita modeli, kisha uhamishie kazi hiyo ndani ya ready(). Kama ni skripti inayojitegemea, taja DJANGO_SETTINGS_MODULE, ita django.setup(), ndipo uite modeli. Ukigeuza mpangilio huo, kosa linarudi.

3. ImportError inayosema moduli haijakamilika kupakiwa. Faili mbili zinasubiriana: models.py ya duka inaita ya wateja, na ya wateja inaita ya duka. Dawa yake ni kuondoa import moja, halafu kwenye ForeignKey uandike jina la modeli ndani ya alama za nukuu: 'wateja.Mteja'. Django itaitafuta yenyewe baadaye.

Je, kama inasema jedwali halipo?

Hapo modeli zimeshapakiwa salama, ila hifadhidata haijapata mabadiliko. Endesha python manage.py makemigrations, kisha python manage.py migrate. Hapa pia hakuna haja ya kufuta chochote.

Kabla ya kurudisha tovuti hewani

Endesha python manage.py check. Amri hii inapitisha mradi kwenye hatua zote tatu, na kama bado kuna modeli inayogoma utaiona kwenye kompyuta yako kabla mteja hajaiona. Rekebisha kosa moja, endesha tena, ndipo uguse lingine. Ukibadilisha mambo matano kwa mpigo, hutajua lipi limetibu na lipi limeongeza tatizo.