Bagamoyo: Mji Uliojazwa na Njia ya Misafara

Watu wa Bagamoyo waliletwa na njia. Mji huu mdogo wa mwambao wa Tanzania, unaotazamana na kisiwa cha Unguja, ulikuwa katika karne ya 19 kituo cha mwisho cha misafara iliyotoka Ujiji kupitia Tabora. Karibu kila kundi la wakazi wake lilifika kwa ajili ya misafara hiyo: wengine kubeba mizigo, wengine kuikopesha mtaji, kuitoza ushuru au kuilinda kwa bunduki. Ndiyo maana anayeuliza kabila la watu wa Bagamoyo hapati jibu la neno moja.

Kabla ya misafara na pembe za ndovu ilizobeba, palikuwa na chumvi na samaki. Kusini kidogo ya mji yapo magofu ya Kaole, yenye msikiti na makaburi ya nguzo, ushahidi wa Waislamu wa pwani walioishi hapo karne nyingi kabla ya Bagamoyo ya leo. Mji wenyewe ulishika nafasi ya Kaole kuelekea mwisho wa karne ya 18, na wenye mji walikuwa Washomvi, Waswahili wanaosimulia kuwa wazee wao walitoka Barawa. Majumbe wao walitawala pwani, lakini nyuma yao bara ilikuwa ya Wazaramo, na bila Wazaramo hapakuwa na nafaka wala usalama. Masimulizi ya Washomvi yanaeleza kwamba walipovamiwa na Wakamba walimwomba msaada Pazi, kiongozi wa Kizaramo, naye akawaokoa. Tangu hapo wakawa wanampa ada iliyoitwa kanda la Pazi. Iwe masimulizi hayo yana chumvi au la, yanaonyesha jambo moja waziwazi: wenyeji wa Bagamoyo tangu mwanzo walikuwa wawili, wa pwani na wa bara, na kila mmoja alimhitaji mwenzake. Wakwere, Wadoe na Wazigua wa vijiji vya jirani nao waliingia mjini kuuza mazao, na baadhi yao wakabaki.

Sayyid Said wa Oman alipohamishia makao yake Unguja, mkono wake ulifika ng'ambo kwa njia ya liwali na kikosi kidogo cha Mabuluchi chini ya jemadari wao. Mabuluchi hao walikuja kama askari wakaishia kuwa wafanyabiashara, wakopeshaji na wakwe wa watu. Waarabu wa Oman walipanda minazi na kujenga nyumba za mawe. Washihiri kutoka Hadhramauti walikuja na mali haba zaidi. Lakini mamlaka ya Sultani hayakuwafuta majumbe. Kwa muda mrefu hongo ya misafara, yaani ushuru wa kupita, iliendelea kugawanywa baina ya wazee wa Kishomvi na Wazaramo, na liwali mwenye busara alijua kutoligusa jambo hilo.

Wahindi walikuwa wachache, lakini bila fedha zao msafara usingeondoka. Forodha ya Sultani ilikodishwa kwa miaka mingi kwa kampuni ya Jairam Shivji, ya Mabaniani wa Kutch, na maduka ya mjini yalikuwa mikononi mwa Makhoja Waismailia, Mabohora na Mabaniani. Mtaa wa India, wenye nyumba ndefu zilizoegemeana na milango ya nakshi, ni kumbukumbu yao. Makhoja walikuja na wake na watoto, wakajenga jamatkhana, nyumba yao ya ibada, hivyo wakawa jamii ya kudumu. Mabaniani wengi waliacha familia zao India na walitarajia kurudi. Wagoa, Wakatoliki wa asili ya Kihindi, walifuata baadaye kwa ukarani, ushonaji na maduka.

Mashuhuri kuliko wote ni Sewa Haji Paroo, Khoja aliyezaliwa Unguja mwaka 1851. Alitafutia misafara wapagazi na kuiuzia nguo, shanga na bunduki. Wamisionari, wapelelezi wa Kizungu na serikali ya Kijerumani wote walipita dukani kwake. Alitoa mali yake kwa ajili ya hospitali na shule, na shule aliyoiwezesha Bagamoyo ilikusudiwa watoto wa rangi zote, jambo lisilo la kawaida katika koloni la wakati ule. Alifariki mwaka 1897. Jina lake lingalipo kwenye jengo la hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam.

Kwa hesabu ya vichwa, hata hivyo, hakuna kundi lililofikia Wanyamwezi. Walishuka pwani kwa makumi ya maelfu kwa mwaka, wakiongozwa na kirangozi, kila mmoja na mzigo wake begani, baada ya mwendo wa miezi kadhaa. Ni kosa kuwadhani wote kuwa watumwa, kosa ambalo vitabu vingi vimelirudia. Wengi wao walikuwa watu huru waliopatana ujira, waliojadiliana uzito wa mzigo, na walioweza kugoma njiani posho ikipungua. Wakifika mjini walijenga vibanda vyao pembeni au walifikia kwa wenyeji waliojulikana na ukoo wao, wakasubiri safari ya kurudi, na muda huo wa kusubiri ndio uliofanya mji uvimbe na kunywea kwa majira. Wenye kazi za kudumu bandarini, wenye wake wa Kizaramo, waliosilimu na waliopata kiwanja walibaki. Wajukuu wao ni watu wa Bagamoyo.

Watumwa walikuwa safu nyingine. Walitoka Umanyema upande wa mashariki ya Kongo, kwa Wayao na kwa watu wa kandokando ya Ziwa Nyasa. Wengine walivushwa Unguja, wengine walibaki kwenye mashamba ya minazi na majumbani. Mwaka 1868 mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padri Antoine Horner, walifungua misheni nje kidogo ya mji na kukusanya watoto na watu wazima waliokombolewa. Kijiji chao kilikuwa na lugha kumi na kadhaa za bara na dini moja mpya, na hivyo Bagamoyo ikapata Wakristo wake ambao hawakuwa wa ukoo wowote wa hapo. Mwili wa mpelelezi David Livingstone, uliobebwa kutoka bara na watumishi wake Susi, Chuma na wenzao, ulifikishwa kwenye misheni hiyo Februari 1874.

Vita vya 1888 na 1889 vilivuruga mpangilio huu. Kampuni ya Kijerumani ilipojaribu kuitawala pwani, Bushiri bin Salim, aliyekuwa na baba Mwarabu na mama Mgala, alikusanya Waarabu, Waswahili na watu wa bara kuipinga, na mapigano yalifika Bagamoyo. Wakazi wengi walikimbilia misheni. Kamanda wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alikuja na Wasudani aliowaandikisha Misri na Wazulu aliowachukua Msumbiji. Bushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Miongoni mwa askari hao wa Wissmann wapo waliooa na kukaa pwani. Mwaka 1891 makao makuu ya koloni yalihamia Dar es Salaam, na matajiri wa Bagamoyo wakaanza kuondoka mmoja mmoja.

Pamoja na wingi huu wa asili, mji haukupanga watu kwa rangi kama serikali zilivyopenda. Ulipanga kwa heshima. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda, aliyefundisha Kiswahili Berlin na ambaye maandishi yake yamo katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli cha 1903, ameacha maelezo bora kuliko yote ya mpango huo: mwungwana juu, mtumwa chini, na baina yao mzalia, mtoto wa mtumwa aliyezaliwa nyumbani na kulelewa kipwani. Aliyefika jana aliitwa mjinga au mshenzi, maneno makali yenye jeraha ndani yake. Lakini ngazi ilipandika. Kanzu, sala, Kiswahili safi, chama cha ngoma na mke wa mjini vilimtoa mtu kundi moja na kumwingiza jingine, mara nyingi katika kizazi kimoja.

Mfano ulio mkubwa kuliko wote ni Sheikh Ramiya, jina lake kamili Yahya bin Abdallah. Alikuwa Mmanyema, akaletwa pwani mtoto, mtumwa katika nyumba ya Mwarabu wa ukoo wa Lamki. Alipokuwa huru alifanya biashara, akapata minazi, akasoma dini mpaka akawa kiongozi wa tarika ya Kadiria. Zikri yake iliwakusanya watu ambao waungwana wa zamani wasingewaketisha nao. Mwaka 1916, Waingereza walipoitwaa Bagamoyo, walimfanya liwali: aliyeuzwa akawa mkuu wa mji wa waliomnunua. Alifariki mwaka 1931, na kaburi lake linazuriwa hadi leo.

Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Reli ya kati ilikuwa imekwisha kuwaondolea wapagazi kazi, na bandari ililala. Wahindi waliendelea kuhamia Dar es Salaam. Sheria ya 1971 iliyotaifisha majumba iliwaondoa wengi wa waliobakia, na nyumba za Mtaa wa India zikapata wapangaji wapya au zikabomoka. Tangu 1981 Chuo cha Sanaa kimeleta wachezaji na wapiga ngoma kutoka kila mkoa. Asili hizi zote hazihesabiwi tena: sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho nchini kuuliza watu kabila zao. Tangu hapo wakazi wa Bagamoyo, kama Watanzania wengine, huhesabiwa bila kuulizwa kabila.